Herufi Alizoninywea Dada

Wali ukiungua, watu wengine hukimbia kuepua sufuria. Mimi husimama palepale, mwiko mkononi. Juzi umeniungulia tena, hapa hapa mjini Kasongo, Kongo, na jirani aliyekuja kuomba chumvi alinikuta nimekaa chini nalia kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Nilimwambia ni moshi. Nyinyi wa rika langu mnajua jinsi harufu moja inavyoweza kumkamata mtu mzima na kumrudisha utotoni bila kumuuliza kama anataka. Mimi sitaki. Lakini nimechoka kusingizia moshi.

Kwetu ni kijiji kimoja nyuma ya Lusangi, upande wa Kabambare. Baba alilima mpunga na mihogo, na kazi za shamba zikipungua alikwenda kuchimba dhahabu na wenzake. Nyumbani tulisema Kibangubangu. Kiswahili kilikuwa cha sokoni, cha msikitini na cha shule. Tulikuwa watoto wawili wa kike. Mkubwa wangu aliitwa Mwamini, nami nilimwita yaya, kama kwetu mdogo anavyomwita dada yake. Baba alimchelewesha kuanza masomo ili anisubiri nikue, twende pamoja tumeshikana mikono, kwa sababu njia ilivuka mto. Kwa hiyo hata kabla habari hii haijaanza, Mwamini alikuwa ameshanigawia sehemu ya maisha yake, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ya kuanza chuo cha Korani, bibi, mama mzaa baba, alitupeleka kwa Maalim tukanywe kombe. Asubuhi ile Maalim aliunguza mchele kikaangoni mpaka ukawa mkaa, akausaga, akautia maji, ukawa wino. Kwa wino huo aliandika maneno ya Mungu kwenye sahani nyeupe ya bati, kisha akayaosha kwa maji safi, na maji yale meusi ndiyo anayokunywa mtoto ili akili yake ifunguke. Kila mmoja wetu aliandikiwa sahani yake na kupewa bakuli lake. Njiani bibi alikuwa ametuonya kwamba kombe halitemwi wala halimwagwi chini, maana nani atathubutu kukanyaga maneno ya Mungu?

"Mutoto akimwaga kombe, akili yake inabaki palepale chini," alisema. "Kuku inakuja, inadonoa."

Mwamini alikunywa lake mara moja akapangusa mdomo. Mimi nilipoinua bakuli langu, harufu ya kuungua ilinipanda puani. Nilimeza funda moja, likarudi. Nikaziba mdomo kwa kiganja, na kwa mkono mwingine bakuli likaanza kuyumba. Maalim alikuwa amegeuka kumwandikia mtoto mwingine. Bibi alikuwa mlangoni anasalimiana na watu. Mwamini alinitazama, akalitazama bakuli, akalichukua na kulinywa lote, kisha akanirudishia likiwa tupu. Alifanya hivyo ili nisipigwe. Halafu akanifuta kidevu kwa ncha ya kitenge chake, tukaondoka, na bibi akatusifu sote wawili.

Nilikuwa na umri wa kung'oka meno, na nililoliona siku ile nililiona kwa macho yangu. Herufi zangu, nyeusi kama sisimizi, ziliingia mdomoni mwa yaya. Zake zilikuwa zimeshaingia. Zote sasa zilikuwa ndani ya tumbo moja.

Shuleni jambo hilo lilithibitika haraka. Tuliwekwa darasa moja, benchi moja. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja tu, kwa hiyo aliandika somo ubaoni na sisi tukanakili. Mwamini alisoma kabla mwezi haujaisha. Mimi nilipotazama ubao, herufi hazikutulia. Ile niliyoijua jana leo ilinigeuzia mgongo, nyingine ilimpanda mwenzake, na neno nililolikamata mwanzo wa mstari lilinitoroka kabla sijafika mwisho. Nilinakili kama mtu anayechora chungu: niliweza kuchora mdomo na tumbo lake bila kujua kilichopikwa ndani. Wala sikuhuzunika. Kama herufi zangu ziko kwa yaya, zitanijiaje mimi?

Tulijipatia utaratibu wetu. Jioni mama alituachia sombe, majani ya mihogo, ya kutwanga, na kazi hiyo kwa haki ilikuwa ya mkubwa. Lakini Mwamini aligundua kwamba maneno yananikaa vizuri mikono ikiwa kazini. Basi mimi nilishika mchi na yeye alikaa kando ya kinu akanisomea somo, sentensi moja kwa kila pigo, na tulipomaliza sombe somo zima lilikuwa kichwani mwangu. Kesho yake mwalimu alinipa fimbo ya kuonyeshea ubaoni, nami nilitiririka bila kukwama, fimbo ikienda popote ilipoona pazuri. Wakati mwingine, tukiwa tumelala, niliweka sikio tumboni kwa dada yangu nikasikiliza. Palikuwa na mngurumo mle ndani, nami nilijua ni herufi zetu zinasukumana.

Nilidhani watu wote wako hivyo. Kuna anayechota maji na kuna anayepika. Kuna anayebeba herufi na kuna anayezisema. Mwalimu alinisifu kwa baba, baba akatembea na sifa hizo kijiji kizima, na Mwamini alicheka tu. Hakuwahi kusema, "Ni mimi ninayemsomea." Yeye alikuwa na jambo lake moja kubwa. Tangu siku alipomsindikiza mama kwenye chumba cha wazazi na kumwona mwuguzi wa pale akimpokea mtoto wa jirani, alitaka kuwa kama yule mwuguzi. Aliniambia hayo mimi, akamwambia mama, na nadhani aliwaambia hata mbuzi.

Tulikuwa tunakaribia kumaliza darasa la sita shangazi Sakina alipokuja kutoka Kasongo. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, mwuza vitenge sokoni, mwanamke wa sauti nzito ambaye hata baba alimwogopa. Alifika amekaa nyuma ya baisikeli, vumbi mpaka kwenye kope, na hata maji hajanywa alisema shida yake. Mabinti zake wameolewa wote, nyumba imekuwa kimya.

"Munipe mutoto moja," alimwambia baba. "Moja tu, nyumba yangu ni ndogo. Nitamutia kwa masista, asome mpaka diploma."

Hakuna aliyejiuliza ni nani. Mama aliinuka usiku uleule kutafuta kitenge kizuri cha kumpa Mwamini. Na Mwamini, ambaye hakuwa mtu wa kuimba, aliimba akiosha vyombo. Mimi nilikaa kizingitini na baridi ikaniingia. Kasongo ilikuwa mbali, siku nzima na zaidi kwa baisikeli. Yaya akienda, anaondoka na tumbo lake, na ndani ya tumbo lile mimi ninamo. Nitamwambia nini mwalimu? Nikaona dawa ni moja: kuwaeleza wakubwa jambo lilivyo, waelewe kwamba sisi hatutengani, na shangazi atuchukue sote wawili. Ilikuwa hesabu nzuri ya kitoto. Mpaka leo silioni kosa lake, ila matunda yake.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, shangazi alitaka kutusikia tukisoma. Alikunjua kipande cha gazeti alichofungia sabuni, akampa Mwamini. Mwamini akasoma, pamoja na maneno ya Kifaransa, na baba akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha kipande kikaja kwangu. Nilikishika. Nikamrudishia.

"Na huyu?" shangazi akacheka. "Si walisema njo yeye anapita wote kwa darasa?"

"Mi siwezi, shangazi," nikasema. "Herufi zangu ziko kwa tumbo ya yaya. Alizikunywa siku ya kombe. Yeye njo ananisomea, mi nasema. Utupeleke wote wawili."

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Bibi alikuwa anapepeta mchele pembeni, ungo ukasimama.

"Alikunywa kombe ya nani?" aliuliza.

"Yangu."

Bibi alimgeukia Mwamini. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Mwamini. Ni kweli? Ulikunywa ya mudogo yako?"

"Nilikunywa, bibi," Mwamini akajibu. "Alikuwa anatapika. Nikaona itamwangika."

"Ukakunywa na yako, na yake."

"Ndiyo."

"Na tangu siku ile wewe unasoma, yeye hasomi."

Mwamini alikuwa msichana mwenye akili, na nadhani pale pale aliona mtego wenyewe umekaa wapi na jinsi unavyofunga. Alinitazama. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama siku ile ya bakuli, akipima jinsi ya kuniokoa, kumbe safari hii wa kuokolewa alikuwa yeye.

Maalim aliitwa. Nataka nimtendee haki mzee yule, kwa maana alisema kweli. Alisema kombe ni dua, si chakula ambacho mtu anaweza kumwibia mwenzake. Kila mtoto amepewa chake na Mungu, na huyu mdogo labda macho yake yana shida. Wote walimsikiliza kwa adabu. Kisha bibi akasema, "Maalim, unajua vitabu. Mi nazijua tumbo." Na kwa kweli, mwenye ushahidi alikuwa bibi: mtoto mmoja alikunywa mara mbili na anasoma kama mwalimu, mwingine hakunywa na hajui kitu. Hata mimi nilimwamini. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Neno baya kabisa halikutamkwa ndani ya nyumba yetu. Lilisemwa mtoni, lilisemwa shambani. Kwamba Mwamini anakula akili ya mdogo wake. Kwetu, mtoto akisemwa hivyo, wenzake huanza kumpisha njiani, na mama zao huficha watoto wachanga nyuma ya vitenge. Aliyetaka kupokea watoto wa watu sasa alifichwa watoto wa watu. Baada ya siku kadhaa baba akatoa hukumu ambayo naamini aliiona kuwa ya huruma, kwa maana wapo waliotaka adhabu kubwa zaidi.

"Mudogo ataenda na shangazi," alisema. "Wakae mbali-mbali. Na Mwamini asiguse tena kitabu. Herufi zikikosa kazi kwake, zitamufuata mwenyewe."

"Wote ni watoto yangu," mama alisema.

Nililia, nikagaagaa chini, nikasema simtaki shangazi, wampeleke yaya. Nilisema nilidanganya, hakunywa kitu. Bibi alinishika mabega akanifuta machozi kwa upendo mkubwa. "Munaona?" akawaambia. "Hata ulimi wake ameufunga." Ndivyo ilivyokuwa. Kila nililolisema kumtetea liligeuka kuni za kumchomea. Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi ya kuondoka Mwamini alinisuka nywele. Alisuka taratibu, akibana sana, kichwa kikaniuma nami sikulalamika. Nilitaka aniambie kwamba mambo haya ni uongo wa wakubwa. Alikuwa mkubwa kwangu, alisoma gazeti, yeye angejua. Alipomaliza alinigeuza uso.

"Sikujua, mudogo wangu," alisema. "Mi nilikuwa nataka tu usipigwe. Nitaacha kabisa, hata jina langu sitaandika. Ukisikia zinakuja, unitumie habari."

Naye alikuwa ameamini. Nilipandishwa baisikeli nikiwa nimeelewa jambo hilo, na kama kuna siku utoto wangu ulikufa, ni ile.

Kasongo ilikuwa na kila kitu: adhana na kengele za kanisa zikipishana, soko kubwa, na baadaye pikipiki nyingi kuliko watu. Shangazi alikuwa mwema kwangu. Aliniamsha mapema, akanipaka mafuta, akanipeleka kwa masista nimevaa sare iliyopigwa pasi. Nami nilikaa darasani nikizingoja herufi zangu. Nilizingoja kwa dhati, kama unavyomngoja mgeni uliyeambiwa ameshaondoka kwao. Nilihesabu kwamba zitapita njia niliyopita, zitavuka mito, labda zimelala njiani kwa sababu ya mvua. Nilimwonea huruma yaya akikaa bila kusoma, nikawa nazihimiza: njooni basi, njooni upesi ateseke kidogo tu.

Hazikuja. Hapakuwa na mtu wa kunisomea, na masista hawakuwa na muda na mtoto mkubwa anayechora herufi kinyumenyume. Nilipigwa viganja, nikawekwa mbele ya darasa, nikaitwa mvivu, mkaidi, punda. Darasa nililirudia, nikalirudia tena. Shangazi, ambaye alikuwa amesafiri na fahari yake mpaka kwetu, hakuweza kurudi kwa aibu. Kila aliyekwenda Lusangi alipewa ujumbe uleule: mwambieni ndugu yangu mtoto anasoma, mambo yamefunguka.

Kwa hiyo habari ilifika. Mwamini aliambiwa kwamba zimenifikia. Wakati huo alikuwa ameshaozwa kwa mchimbaji dhahabu aliyetoka Kivu, mtu mgeni asiyejua maneno ya mtoni, kwa sababu wanaoyajua hawakumtaka.

Niliacha shule kabla sijaipata diploma yoyote. Kilichoniokoa ni sauti. Jirani ya shangazi alifanya kazi katika redio ya mji, na siku moja mtangazaji wao aliugua, wakanitafuta mimi niliyezoea kuita wateja sokoni. Jirani alinisomea tangazo la msiba mara moja, nikalisema kwenye kipaza sauti bila kupoteza jina hata moja la wafiwa. Sijatoka pale mpaka leo. Kila asubuhi mwenzangu wa studio hunirekodia habari kwenye simu, nami huzisikiliza nikipanga vyombo, na zinakaa. Mezani naweka karatasi mbele yangu, kwa ajili ya wageni. Watu hunisimamisha njiani: mama, wewe unasoma vizuri, hukwami. Nina nyumba, nina jina. Ukiniuliza nimefanikiwa, nitakuambia ndiyo, kisha nitakuomba unisomee kibao cha duka lililo nyuma yako. Hata maneno haya nimeyasema kwenye simu na mwenzangu ameyaandika.

Mwaka huu alikuja studioni mwalimu mmoja mwanamke kutoka Bukavu, kuzungumza juu ya watoto wagumu wa kusoma. Nilimhoji mimi. Alisema wapo watoto wenye akili timamu kabisa ambao herufi haziwatulii machoni. Huzaliwa hivyo, mara nyingi iko katika ukoo. Si uvivu, si kurogwa, hakuna aliyewafanyia. Kwa Kifaransa inaitwa disileksi. Mtoto akifundishwa kwa njia yake, kwa sikio na kwa mikono, anaweza kusoma. Nilimaliza kipindi, nikaaga wasikilizaji, nikavua visikizio. Mtu angedhani nitafurahi. Nilihisi hasira. Miaka yote ile kitu chenyewe kilikuwa na jina, kinatembea mijini, kinajulikana na walimu wa Bukavu, na hakikupata pikipiki ya kukifikisha kwetu. Na yule mtoto wa kike kando ya kinu, aliyenifundisha kwa sikio na kwa mikono bila kuambiwa na mtu, ndiye aliyekatazwa vitabu.

Nilipanda pikipiki kwenda kumwambia.

Mwamini anaishi sasa karibu na machimbo, mwendo mfupi kutoka Lusangi. Mume alihamia chimbo jingine na hajarudi. Nilimkuta amekonda, kilemba kimefungwa kwa nguvu, na alinikumbatia muda mrefu. Redio ndogo ilikuwa imening'inia ukutani. Wana wake wawili walikuja kunisalimia: Salima, binti mkubwa wa miaka kama kumi na miwili, na Riziki mdogo wake. Riziki alikuwa amevaa sare ya shule. Salima alikuwa na mtungi kichwani.

"Salima hakwenda shule leo?" niliuliza.

"Salima nimemutoa," Mwamini akasema.

Alisubiri watoto waende, akasogeza kigoda karibu nami. Salima alikuwa anasoma kama maji, alisema, tangu mdogo. Lakini Riziki alipoanza, herufi zikamkataa, kama mimi. "Nikajua ni ile yangu. Damu yangu. Basi nikakata mapema. Hawali sahani moja, hawalali kitanda moja, na Salima hagusi kitabu. Mwaka unaisha sasa. Bado hazijakuja kwa Riziki, lakini nina moyo. Za kwako si zilikuja?"

Akaielekezea kidole ile redio ya ukutani.

"Siku ya kwanza nilikusikia kwa redio," alisema, "nilikuwa na mimba ya Salima. Unasoma, hukwami. Nilikaa chini nikalia. Nikasema, Mungu ameona. Mi nimeacha hata kuandika jina, lakini zimefika. Mwamini wewe umelipa." Alinishika goti. "Umenisamehe, mudogo wangu? Mi sikukuuliza hata siku moja."

Nilikuwa nimebeba jina la Kifaransa kutoka Kasongo kama zawadi. Nikaliona lilivyo dogo. Ningeweza kumwachia furaha yake, ndiyo pekee aliyokuwa nayo duniani, na Salima angeendelea kuchota maji mpaka aolewe na mtu mgeni. Nje nilimsikia Riziki anamwuliza dada yake kitu, na Salima akamjibu kwa mbali, kutoka upande wa pili wa ua, kama alivyofundishwa.

"Yaya," nikasema. "Mi sijui kusoma."

Alitabasamu, akingoja mwisho wa mzaha.

"Hazikuja. Hata moja. Kwa redio kuna mwenzangu ananisomea, mi nasema. Kama zamani kwa kinu. Shangazi alidanganya. Hukukunywa kitu changu, yaya, ni macho yangu tu, nilizaliwa nayo. Riziki vilevile. Umurudishe Salima shule. Leo."

Nilisema mengine pia, yote aliyoyasema yule mwalimu, haraka, kwa sauti ileile ambayo watu wanaisifu. Mwamini alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliondoa mkono wake gotini kwangu, akautazama, akaupindua, kiganja na mgongo wake, na uso wake ukazeeka mbele ya macho yangu.

"Basi mimi," aliuliza, "vitabu niliviachia nini?"

Kivuli cha nyumba kilipotufikia miguuni aliinuka, akasimama mlangoni akimtazama binti yake mkubwa, akamwita aje ndani, yeye na Riziki pamoja.